Mafuta ya Nyumba

Jumanne saa tatu asubuhi, chupa zote za seli katika maabara moja zilikutwa hazina seli hai. Virusi vilivyowekwa ndani yake navyo havikuzaliana. Aliyezikuta ni mwanamke mtafiti, na dawa iliyoziua aliitia yeye.

Wapendwa, habari za maabara zisiwatishe. Seli ni kama nyumba. Ndani yake hutengenezwa protini, na hizo ndizo wafanyakazi wa nyumba. Baadhi yao kazi yao iko ukutani, na ukuta wa seli ni utando wa mafuta. Protini kavu haishiki hapo. Kwa hiyo, ingali inatengenezwa, nyumba huibandika chembe ya mafuta. Mafuta hushika mafuta. Bila chembe hiyo, protini huelea tu ndani, na kazi yake haifanyiki.

Kirusi kinapoingia, hakiji na mafuta yake. Protini zake hutengenezwa humo humo, na nyumba huzipaka kama inavyopaka za kwake. Haiulizi hii ni ya nani. Zikishapakwa, hushika ukuta, hukusanyika, na virusi vipya hutoka kwenda kwa jirani.

Mtafiti huyo alikuwa akiyafundisha hayo kwa miaka. Hayakumuuma mpaka mwanawe alipolazwa.

Aliishi na mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa na desturi yake: jioni huogesha watoto na kuwapaka mafuta ya nazi kuanzia utosini. Mtoto aliyemkuta uani saa hiyo alipakwa, awe mjukuu, awe wa jirani. Jioni moja mtoto wa jirani alikuja ana homa, bila mtu kujua. Akaogeshwa, akapakwa, akala sinia moja na mjukuu. Baada ya siku chache wote wawili walikuwa wodini, vitanda vinapakana.

Mama yule hakumsalimu jirani. Alimwambia mama yake kwamba ameufungulia ugonjwa mlango, na kwamba kuanzia siku hiyo mafuta ya nyumba ile ni ya mtoto wake peke yake.

Bibi hakubishana sana. "Mwanangu, wewe umelelewa kwenye nyua za watu," alisema. "Mimi nilikuwa shamba kutwa. Sikuwahi kurudi nikakukuta umepauka."

Binti alichukua mkoba wake. Alikwenda maabara.

Huko mwenzake alikuwa akijaribu njia ya taratibu ya kukizuia kirusi cha ugonjwa ule: kubadili protini ya kirusi pale tu mafuta yanapokaa, ili yakose pa kushika. Dalili zilikuwa njema, lakini kazi ilikuwa ya miezi. Mama yule alisema hana miezi. Alitaka dawa inayozuia mafuta yenyewe, asipate yeyote.

"Na seli zetu?" mwenzake aliuliza.

"Zitavumilia."

Akatia dawa nyingi. Kulipokucha alikuta nilichowaambia. Virusi vilikosa mafuta, na nyumba ikakosa vilevile. Akamwambia mwenzake, "Nimemnyima mgeni, nimemuua mwenyeji."

Sasa niwaulize: katika mfano huu, sisi ni nani? Naona wengine mmeshachagua. Sisi ni nyumba, na kirusi ni fulani, yule wa ng'ambo ya pili ya ukuta. Nilidhani hivyo pia. Lakini tazameni vizuri. Ni nani hapa aliyekuja duniani na pumzi yake mkononi? Ni nani aliyeanza kumnyonyesha mama yake, ndipo akanyonyeshwa? Sisi ndio tulioingia bila mafuta yetu. Tulipakwa tungali tunaumbwa, wala hatukuulizwa ni wa nani, wala kama tutafaa.

Sisemi mgonjwa asitengwe. Daktari akisema tenga, tenga. Nasema tunapomwomba Mungu afunge mafuta ili mbaya wetu asipate, tunaomba kitu gani? Angekubali ombi hilo siku ya kwanza lilipoombwa, mimi nisingesimama hapa, nanyi msingekaa hapo. Hakukubali. Tumshukuru kwa hilo kwanza, halafu tumzungumzie jirani.

Wauguzi wa wodi ile waliwahudumia watoto wote wawili kwa mikono ileile, na wote wawili walipona. Waliruhusiwa Jumamosi saa sita mchana. Mama yule alitoa chupa ya mafuta ya nazi kwenye mkoba wake. Alimpaka mtoto wa jirani, kisha akampaka wake.