Maji ya Eda

Hapo zamani, sikilizeni vizuri maana nitasema haraka, usiku watu wamekwisha kulala, yalisikika maji yakimwagwa uani. Chwaa. Yakanyamaza. Chwaa tena. Hayakuwa maji ya mtu anayekoga. Mtu anayekoga hujisugua, hukohoa, hugongesha kata kwenye ndoo. Haya yalimwagwa tu, na aliyeyamwaga alisimama na nguo zake zote mwilini. Jina lake Mize.

Kwa nini Mize alimwaga maji? Kwa sababu alikuwa ameachwa. Mumewe Shaame, mkwezi wa minazi, alimwacha kwa talaka moja kwa ajili ya wali ulioungua chini, akamtoa nje na mtoto mgongoni na mvua inanyesha. Na hiyo talaka ndiyo ilikuwa nafuu. Kabla yake kulikuwa na makofi, na kofi moja liliua sikio lake la kushoto, mpaka leo ukimwita upande ule haitiki.

Basi Mize akarudi kwa mama yake, Bi Raya, akaketi eda. Mwanzoni alilia. Alilia mpaka maziwa yakapungua na mtoto naye akalia. Akiulizwa kama chai ina sukari ya kutosha anajibu hajui, maana miaka yote alikuwa akionja kwa ulimi wa Shaame. Wanawake wa mji huo walishona kofia za mkono, na Mize alizoea kushona maua anayoyataka mumewe. Siku moja akashika sindano, sindano ikaenda yenyewe, likatoka ua ambalo hakufundishwa na mtu. Akalitazama sana. Akasema, kumbe nipo. Jioni ile akanywa chai, akamwambia mama yake sukari imezidi, na Bi Raya akacheka mpaka akafuta machozi, na Mize akacheka naye.

Kicheko hicho ndicho kilicholeta balaa. Kilifika sokoni. Shaame akaambiwa, mkeo anacheka.

Sasa lazima mjue desturi ya mji huo. Eda ya talaka ikiisha, mwanamke hukoga maji ya eda uani kwao, na neno la waliomo nyumbani ndilo ushahidi, maana mwanamume haingii uani kuchungulia. Akishakoga yuko huru. Kabla hajakoga, mume wa talaka moja akija akasema nimemrejea, basi, ni mkewe, atake asitake, hakuna wa kumuuliza.

Shaame alikuja usiku. Eda ilikuwa bado, ilibaki kidogo tu, siku mbili tatu. Akagonga, Bi Raya akafungua mlango nusu, na Shaame akasema lile neno. "Nimemrejea mke wangu. Mwambie afunge mizigo."

"Unamrejea nani, mkwe?" akasema Bi Raya. "Mize yumo uani anakoga maji ya eda. Talaka uliitoa mchana watu wanaona, rejea unaileta usiku kama mwizi wa kuku."

Mize alikuwa nyuma ya ukuta na ndoo ya maji ya kufulia. Akasikia. Akachota. Chwaa.

Shaame hakuamini. Akamgeukia Asya, aliyesimama nyuma ya Bi Raya, dada yake Shaame wa tumbo moja, ambaye siku hiyo alikuja kumtazama mtoto akalala hukohuko, akamwambia aape. Na Asya, siku ile ya sikio, alikuwa chumba cha pili, alisikia kila kofi, akajifunika shuka kichwani. Akamtazama kaka yake. "Wallahi, kaka, eda yake imekwisha tangu magharibi. Maji nimemtekea mwenyewe."

Shaame akaenda zake.

Mize akawa huru. Akalala katikati ya kitanda. Akashona, na kofia za ua lake zikaonekana vichwani mwa watu siku ya Ijumaa. Lakini akisimama kusali, ulimi unakwama, anajiuliza, hapa nimesimama mke wa mtu au si mke wa mtu? Hajamaliza kujiuliza, habari ikaja kwamba Shaame ameanguka mnazi.

Hakufa palepale. Alibebwa kwa mama yake, akamwita Asya, akamuuliza kwa sauti ndogo, sema kweli dada yangu, alikuwa amekoga? Asya akamjibu, "Alikoga, kaka." Shaame akageukia ukutani, akafa.

Mnaona sasa. Kama Mize ni mtalaka, habari imepita, ashike sindano yake. Kama ni mjane, kwa kuwa neno la rejea lilimkuta eda haijaisha, basi yeye ni mke aliyemkana mumewe mpaka akafa, na ni lazima aketi eda nyingine, ndefu kuliko ile, ajifungie ndani, na mji mzima utajua kwa nini. Asya akaja kwa Bi Raya, wanawake watatu wakafunga mlango.

Bi Raya alisema hataki kuona eda yoyote katika nyumba yake. "Ukiketi, umewaambia watu mama yako mwongo na wifi yako kamwapia maiti. Mimi nilizaa mtoto mwenye masikio mawili. Dhambi ni yangu, ndimi niliyetangulia kusema, nami mzee, safari yangu fupi. Niachieni niende nayo."

Asya akasema hapana. "Mama, lako lilikuwa neno tu, na hakuliamini. Aliamini kiapo changu. Na aliponiuliza mara ya pili roho inatoka, hapo sikuwa namwokoa mtu, niliogopa tu. Keti, wifi, nakuomba. Kaka alikuwa mbaya, lakini aliyemwambia uongo hadi kaburini ni mimi. Nikiitwa mwongo, niitwe."

Mize alikaa na kofia mapajani, sindano imesimama kwenye ua.

"Mnagombania dhambi kama ukoko wa wali wa shughuli," akasema. "Ninyi mlisema kwa ajili yangu. Mimi nilimwaga kwa ajili yangu. Ningenyamaza, ningekuwa mke. Nikilia leo ni mke wake tena, atakuwa amenirejea kutoka kaburini. Nisipolia, ni nani huyu asiyelia? Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumjua."

Wapo watakaosema mwenye kosa ni Shaame, aliyepiga, aliyeacha, aliyerudi kwa sababu amesikia kicheko. Kweli. Lakini Shaame haulizwi tena kitu, wanaoulizwa ni walio hai.

Hodi ikapigwa. Wanawake wa mji walikuwa mlangoni, wanakwenda matangani, wanataka kujua Mize anakuja na nguo gani, za mke au za jirani. Bi Raya akamtazama Asya, Asya akamtazama Mize. Mkono wa Mize ulikuwa juu ya komeo.

Basi niambieni ninyi. Aliyesema, aliyeapa, aliyemwaga maji, au yule aliyelala kaburini, nani aliistahili dhambi hii? Na Mize afungue mlango huo, je, akiwa nani?

Jibuni polepole, mtoto amelala. Mkinijibu mimi, naapa, sitamwambia mtu mwingine.