Kiboko, Kamongo na Bwawa Lililokauka

Nilikuwepo, na yote niliyaona kwa macho yangu haya. Kiboko alimwita Kamongo, samaki mwembamba mwenye maneno mengi, akamwambia, "Bwawa hili halitutoshi. Hama leo!"

"Shikamoo, mkubwa. Tushindane kiangazi hiki. Atakayelihama bwawa kwanza asirudi tena."

Kiboko alicheka hadi masikio yakatikisika. Samaki ashindane na ukame? Akaapa mbele ya vyura wote.

Maji yakapungua yakawa tope, tope likakauka likapasuka. Kiboko akamtafuta Kamongo kila pembe, hakumwona. "Kesha kufa, mjinga yule!" Lakini jua lilimbabua ngozi, naye akaenda mtoni kupoza mgongo, akakaa huko hadi masika.

Aliporudi, bwawa lilikuwa limejaa, na Kamongo anaelea.

"Karibu, mgeni. Hata hodi hupigi?"

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Hapa hapa, nimelala ndani ya tope. Ndivyo alivyolala baba, na babu kabla yake. Ahsante kwa kunikanda mgongo ulipokuwa ukinitafuta."

Vyura wakamkumbusha Kiboko kiapo chake, neno kwa neno. Akaomba radhi, akaondoka.

Hilo la radhi nimelitunga mimi. Wakubwa wa namna ile hawaombi.