Tuta la Thelathini na Moja

Hapo zamani. Msinitolee macho, wasee. Zamani yangu si ya mababu wala ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzi, ambayo picha zake bado ziko kwenye simu yako. Hapo zamani hiyo palikuwa na mji wenye matuta mengi kuliko ajira. Ukitoka kwako kwenda kutafuta kazi, unarushwa na tuta. Ukifika, unarushwa na karani. Jina la mji silitaji. Kila mmoja wenu adhani ni kwao, hatakuwa amekosea.

Mkuu wa barabara za mji huo aliitwa Injinia Zebedayo. Gari la serikali alikuwa nalo, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, lakini hilo lilipeleka watoto wake shuleni na mbwa wake kwa daktari. Yeye mwenyewe alitaka gari la spoti. Si la kuendesha Jumapili, la. La kila siku: nyumbani mpaka ofisini, ofisini mpaka nyumbani, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi. Na lazima liwe la Kijerumani, kwa sababu aliwahi kwenda huko kozi ya wiki tatu, na tangu arudi hata chai huinywa kama mtu anayekumbuka theluji.

Ungedhani mkuu wa barabara akitaka kuendesha gari la chini atatengeneza barabara. My friend, wewe bado unaamini mambo uliyosoma.

Sasa, katika yadi moja ya magari yaliyokwisha kutumika yalikuwepo mawili ya namna hiyo, moja jekundu, moja jeupe. Jekundu lilikuwa na injini nyuma ya viti, limelala chini kama mkeka. Jeupe lilikuwa na pua ndefu na paa la kujikunja ukibonyeza kitufe. Yote viti viwili, yote umri mmoja, yote bei moja. Injinia akizunguka jekundu, moyo unaenda kwa jeupe. Akizunguka jeupe, moyo unarudi kwa jekundu. Wiki tatu mtu mzima anazunguka magari, na mashimo ya mji yanazaana.

Ndipo akatangaza. Ofisini kwake palikuwa na nafasi moja ya kazi, ya kudumu, yenye bima ya matibabu na kiti kinachozunguka. Akasema: "Atakayenisaidia kupata gari nitakaloendesha kila siku bila aibu, nafasi hiyo ni yake. One position. Msinijie hapa kumi."

Wakaja watatu.

Wa kwanza alikuwa Nasambu. Digrii ya upimaji ardhi, first class. Alikuwa na miaka minne ya kutarmaki, kusaka kazi kwa miguu. Soli za viatu vyake zilikuwa zinaujua mji kuliko ramani. Babake aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili asome, na kila akipiga simu nyumbani anasikia zizi lilivyo kimya. Nasambu akachukua futi ya chuma, uzi, chaki na daftari. Akatembea kutoka lango la Injinia mpaka lango la ofisi, siku tisa, jua la utosini, akipiga magoti mbele ya kila tuta kama mtu anayeliomba msamaha.

Madereva wakampigia honi. "We dada, umeangusha pete?"

"Nimeangusha digrii!" akawajibu. "Ukiiona uniokotee."

Siku ya kumi akaleta jedwali. "Injinia, matuta ni thelathini na moja. Jekundu litakwaruza tumbo kwenye ishirini na mawili. Jeupe litapita thelathini, likwaruze kwenye moja tu."

"Lipi hilo?"

"La pale chekechea."

Injinia akalikunja jedwali, akalitia mfukoni. "Noted," akasema. Moyo ukaenda kwa jeupe.

Wa pili alikuwa Mzee Ekidor, soja wa ile yadi. Cheti hakuwa nacho. Macho alikuwa nayo. Miaka saba alilinda magari ambayo asingeweza kununua hata kioo cha pembeni. Siku Injinia alipokuja na kalamu ya kutia sahihi, mwenye yadi ametabasamu mpaka magego, Mzee Ekidor alisogea, akavua kofia.

"Mkubwa, jeupe usilichukue."

"Kwa nini, mzee?"

"Lilikuja juu ya lori likiwa vipande viwili. Mbele ni ya gari moja, nyuma ni ya gari jingine. Walioana hapo nyuma ya choo, kasisi akiwa mtu wa kuchomelea vyuma. Siku utakapopiga breki kwa nguvu watapeana talaka, na wewe uko katikati."

Mwenye yadi akacheka kile kicheko kisichofika machoni. Injinia akainama, akainua zulia la gari, akauona mshono.

"Noted," akasema.

Adhuhuri haijafika, Mzee Ekidor alikuwa nje ya lango alilolilinda miaka saba. Kofia mkononi, blanketi lake limebaki ndani.

Wa tatu alikuwa Fundi Mutie, wa gereji ya jua kali isiyo na paa. Watoto wanne. Shule aliijua kwa kutengeneza basi lake. Akaambiwa: limebaki jekundu, na jekundu linakwaruza mara ishirini na mbili. Akalala chini yake siku nzima akilitazama tumbo. Kisha akakata tairi la trekta kwa kisu na msumeno, akachonga spesa, vile vipande vinene vya mpira vinavyokaa juu ya springi ili gari liinuke. Mara ya kwanza zikakataa. Mara ya pili zikakataa. Mara ya tatu jeki ikateleza, gari likamshukia mkono, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikurudi tena kilikotoka. Lakini jekundu liliinuka. Likapitishwa barabara nzima, Fundi anakimbia kando yake ameinama, bendeji inavuja, anasikiliza. Tuta la kwanza, kimya. La kumi, kimya. La thelathini, kimya. La thelathini na moja: kwaaa!

"Fundi, ongeza spesa," Injinia akasema.

"Nikiongeza, mkubwa, litakuwa mbuzi juu ya mwamba. Kona ya kwanza utalala chali."

"Noted."

Akawaita ofisini, wote watatu. Kile kiti kilikuwepo pale kona, kinazunguka chenyewe kwa upepo wa feni.

Nasambu akasema: "Bila mimi ungenunua kwa macho. Fundi asingejua ainue kiasi gani. Mimi ndiye niliyeipima barabara yako, Injinia, ambayo ofisi yako haijawahi kuipima."

Mzee Ekidor akasema: "Bila mimi sasa hivi tungekuwa matangani kwako, tunakula pilau. Na hawa wawili walikuja mikono mitupu. Mimi nilikuwa na kazi. Nimeila kwa ulimi wangu."

Fundi Mutie akasema: "Bila mimi lile gari ni pambo la uani. Hawa wametoa maneno na hesabu. Mimi nimetoa kidole."

"Kidole!" Nasambu akaruka. "Mimi nimetoa miaka minne na ng'ombe wawili!"

"Ng'ombe walikuwa wa babako, madam."

Injinia akainua mkono. "All valid. Nyote mna haki. Lakini gari halijapita. Limebaki tuta moja, na tuta lenyewe halina kibali."

Ngojeni niwaambie habari za tuta hilo. Halikujengwa na ofisi. Mwaka uliotangulia, lori lililokuwa likikimbia lilimgonga mtoto mbele ya chekechea. Aliitwa Kadzo, umri miaka mitano, kikombe chake cha uji mkononi. Hakufa. Mguu mmoja ukabaki mfupi. Mama Kadzo akaenda ofisini kwa Injinia kuomba tuta. Akaenda mara sita. Mara sita akajibiwa, mnajua neno gani. Mara ya saba hakwenda. Aliokota mawe, chama chao cha kuchangiana kikanunua saruji, akina mama wakalijenga kwa siku moja, watoto migongoni. Likatoka refu, sentimita ishirini na moja, kwa sababu hasira haina futi. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeguswa.

"Nikiwatuma wafanyakazi wa ofisi," Injinia akasema, "watu watasema natumia ofisi kwa mambo yangu. Mimi ni mtu wa integrity. Ninyi ni raia. Atakayelipunguza hilo tuta mpaka nipite kesho asubuhi, kazi ni yake. Nikisikia kwaaa, hakuna kazi kwa yeyote."

Wakatoka. Kila mmoja akashika njia yake. Hakuna aliyesema anakwenda kwenye tuta.

Saa kumi jioni, watoto wameshatawanyika, Nasambu alifika pale chekechea akamkuta Fundi Mutie ameshika sururu, na Mzee Ekidor na kofia yake ya usoja na kitambaa chekundu.

"Wewe pia?" Nasambu akauliza.

"Mimi nimekuja kuangalia tu," Fundi akasema.

"Na hiyo sururu?"

"Na hiyo futi, madam?"

Wakacheka. Kila mmoja aliona peke yake hawezi. Fundi asingejua akate mpaka wapi. Nasambu asingeweza kuvunja zege. Na hakuna dereva wa mji ule anayesimama kwa sababu mtu anachimba. Wakakubaliana: tufanye pamoja, Injinia achague mwenyewe.

Nasambu akachora mstari kwa chaki. "Gari litapita juu ya sentimita kumi na mbili. Nitaweka kumi, for safety."

Fundi akapiga mpaka kumi, akasimama, akafikiri. "Spesa mpya hukaa chini zikizoea. Tutoe tatu tena."

Ikawa saba. Mzee Ekidor, kitambaa mkononi, magari yanamsubiri, akageuza kichwa. "Na akibeba mtu? Kile kiti cha pili si cha mzigo. Toeni tatu."

Ikawa nne. Watatu wakasimama wakatazama. Tuta la sentimita nne si tuta, jamaa. Ni doa. Kila mmoja aliliona hilo. Nasambu alifungua mdomo, akakumbuka zizi. Fundi akakumbuka watoto wanne. Mzee Ekidor akakumbuka lango. Wakazoa mawe, wakaondoka.

Asubuhi walikuwepo pale kando ya barabara, wameoga. Nasambu na bahasha ya CV chini ya kwapa. Jekundu likaja, linang'aa kama kidonda. Halikupunguza mwendo. Likapita lile doa kimya, likasimama mbele kidogo, kioo kikashuka. Katika kiti cha pili alikaa mwanamume mnene, tai imemkaba.

"Kazi nzuri sana," Injinia akasema. "Huyu ni shemeji yangu. Ameanza kazi ofisini leo. Ndiye aliyenishauri rangi."

"Na sisi, Injinia?"

"Noted."

Kioo kikapanda. Shemeji akapunga mkono. Alikuwa na adabu.

Jekundu halijatoka machoni, lori likaja nyuma yake. Nalo halikupunguza mwendo. Likapita pale chekechea kama upepo wa shetani, na upande wa pili wa barabara akabaki mwanamke ameshika mkono wa mtoto anayechechemea. Uji wa mtoto ulikuwa umemwagikia sketi yote.

Mama Kadzo akavuka. Akalitazama tuta lake. Akaiona chaki. Akaiona bendeji ya Fundi yenye vumbi la saruji. Akakiona kile kitambaa chekundu kimechungulia mfukoni mwa Mzee Ekidor.

"Nani?" akauliza.

Hapo ndipo ungewasikia. Jana kila mmoja alikuwa "bila mimi, bila mimi". Leo?

"Mimi nilipima tu," Nasambu akasema. "Sikugusa hata jiwe. Na kumi lilikuwa bado tuta!"

"Mimi nilikata alipochora msomi," Fundi akasema. "Mkono haujui hesabu."

"Saba ulikatia mstari wa nani?" Nasambu akamgeukia.

"Mimi nilisimamisha magari tu," Mzee Ekidor akasema. "Mtu asigongwe."

"Mtu asigongwe," Mama Kadzo akarudia polepole.



"Bibi yangu aliniachia laana mbili," akasema. "Akaniambia nisizigawe, laana ikigawanywa haishiki. Ya kwanza nilimpa Injinia mwaka jana. Haya, mmemwona: amenunua gari. Imebaki moja, na ninyi mko watatu. Mnajuana. Niambieni wenyewe, nimpe nani?"

Basi, wasee, nimefika hapo, na mimi sivuki. Msinitajie Injinia, yeye alishapewa yake na inamnenepesha. Nawauliza hao watatu. Mpimaji, soja, fundi. Ile kazi moja ilikuwa haki ya nani? Na hii laana moja ni haki ya nani? Na ukinitajia jina la kazi, usithubutu kunitajia jingine la laana kabla hujanieleza tofauti ni ipi.

Jibuni upesi. Mtoto bado yuko kando ya barabara anataka kuvuka, na lori jingine limeanza kusikika. Je, nani alistahili?