Kindi Mwandishi na Salamu za Tembo

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata mimi sikuwapo, kwa hiyo mtu asiniulize mwaka, wanyama wa Mtambani walikuwa na nyumba, majiko na mikeka kama sisi. Na walikuwa na mwandishi mmoja tu. Kaeni vizuri. Wewe wa mwisho, acha kumfinya mwenzio.

Mwandishi mwenyewe alikuwa Bi Kindi, mdogo, mkia mkubwa kuliko mwili. Hakuajiriwa na mtu. Hakuwa na bosi wala kengele ya kumwita kazini. Kila siku alikwenda kwenye kibaraza cha kijiji kando ya mto, akatandika mkeka, akaweka wino na kalamu. Aliyetaka kuandikiwa barua alikuja na chakula: kikapu cha karanga, chane ya ndizi, chochote alichojaliwa.

Kulikuwa na desturi moja. Mwenye barua alikaa mkekani mbele ya mwandishi, akasema maneno yake, wala hakuinuka mpaka barua ikunjwe. Akiinuka katikati, barua inachanwa na kazi inaanza upya. Waliona ni sawa na kumwacha mgeni sebuleni ukaenda zako.

Sasa, kutokuwa na bosi ni raha, sikatai. Shida yake ni kwamba saa za kazi unajipangia mwenyewe, na Bi Kindi hakujua kupanga. Mwanzoni alifanya kazi akijisikia. Barua moja, halafu huyo, juu ya mti kulala. Wiki haijaisha, chungu kitupu. Akashtuka, akaenda kule kwingine kabisa: akawa anaandika tangu jua likichomoza mpaka linazama, kwaru kwaru kwaru, hata uji anaunywa na kalamu mkononi.

Chungu kilijaa, lakini yeye mwenyewe akaisha. Siku moja jua likielekea kuzama, macho yakiona kila mstari mara mbili, alimwandikia Fisi barua ya posa akaichanganya na rambirambi. Wazee wa mchumba walipoisoma, wakakuta wanapewa pole kwa msiba mzito wa kumpata Fisi. Msicheke, Fisi wa watu alilia kwelikweli.

La Fisi alilivumilia. Lililomvunja lilikuwa nyumbani. Alipobisha hodi jioni moja, mlango ulifunguliwa na kitinda mimba wake, Mwatime, akamwangalia juu mpaka chini kwa adabu zote.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Mama hayupo, yuko kazini. Kama unataka barua, mfuate hukohuko."

Bi Kindi alikaa kizingitini akalia. Mwanawe alikuwa hamjui tena.

Kesho yake akaanza kujichunguza. Akagundua kwamba barua alizoandika tangu saa moja asubuhi mpaka saa tano zilitoka zimenyooka, na watu walizisifu. Baada ya hapo ni miayo tu, na ikifika saa tisa anaandika upuuzi. Na ujira wa saa hizo nne peke yake ulitosha kujaza chungu. Basi akaamua: saa nne kwa siku, na saa tano ikigonga anakunja mkeka.

Walioikataa habari hiyo ni wawili, wakubwa kwa umbo na kwa sauti. Wa kwanza ni Nyati, mwenyekiti wa kijiji. Alisema yeye anakokota magogo tangu asubuhi mpaka jioni, na hajapata kuona mtu anachoka kwa kukaa na kusogeza kijiti. Wa pili ni Kiboko, jirani ya Nyati. Huyo alisema kibaraza ni cha kijiji: ama Kindi akae hapo kutwa nzima, ama kibaraza apewe mwingine.

Bi Kindi alijua hawatanii. Bila kibaraza hakuna barua, na bila barua wanawe watakula nini? Akainamisha kichwa.

"Nimewaelewa, wakubwa zangu. Kesho nitaandika kutwa nzima. Na kwa heshima yenu nitaanza na barua yenu."

Barua yao ilikuwa ndogo. Walitaka kumwalika Tembo wa ng'ambo kwenye ngoma ya mavuno. Kesho yake saa moja kamili wote wawili wakajibwaga mkekani, puu, puu, na Nyati akamwambia Kindi aandike tu kwamba Tembo aje, kuna ngoma.

Kindi akaweka kalamu chini. "Barua bila salamu, Mwenyekiti? Kwa Tembo? Tembo huyuhuyu asiyesahau kitu?"

Nyati hakuogopa mnyama yeyote, isipokuwa huyo mmoja. Akasema salamu ziandikwe.

Basi zikaandikwa. Tembo akasalimiwa, mkewe akasalimiwa. Wakaja watoto tisa, kila mmoja kwa jina na kwa mstari wake, na yule anayeumwa jino akaulizwa kama limepoa. Wakafuata mashangazi. Kila jina Nyati alilikumbuka kwa taabu, Kiboko akambishia kwamba siye, ni dada yake, wakavutana mpaka wakaelewana. Kindi aliandika taratibu, herufi zina mikia kama yake, na kila mstari anaupuliza ukauke, pfuu, pfuu.

Saa tano ngozi ya Kiboko ilikuwa imekauka. Mto aliuona pale hatua kumi tu, na kuuingia hawezi. Saa saba tumbo la Nyati likanguruma, akauliza kama wamefika kwenye ngoma.

"Bado," Kindi akamjibu. "Ndiyo kwanza tunaingia kwa wakwe."

Saa tisa Kiboko alianza kutokwa na machozi. Kwa sauti ya upole ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, akamshauri mwandishi apumzike, maana anaonekana amechoka.

"Mimi?" Kindi akasema. "Nichoke kwa kusogeza kijiti? Lakini kama mmechoka nyinyi, inukeni. Tutaichana, kesho tuanze tena na Tembo na mkewe."

"Nimechoka," Kiboko akasema. "Nimekaa tu, sijaandika hata nukta, na nimechoka!"

Nyati alimtazama mwenzake, akautazama mto, akautazama uso wa Kindi. Akauliza ni saa ngapi zingemtosha.

"Nne. Saa moja mpaka saa tano."

Palepale Nyati akatoa sheria: Mtambani ni marufuku kuandika baada ya saa tano, na msimamizi wa sheria ni Kiboko. Kindi akachovya kalamu, akamalizia: "Ama baada ya salamu, njoo, tuna ngoma ya mavuno." Akaikunja. Haijatua mkekani, Kiboko kashajitupa mtoni, pwaaa, maji yakaruka mpaka barabarani.

Nyati alijisifu mwezi mzima kwamba sheria ile ni huruma yake. Bi Kindi alimwacha ajisifu. Yeye kila mchana alikuwa nyumbani, mpaka Mwatime akaanza kumuuliza kama leo hana pa kwenda.

Ikawa siku moja, saa tano imeshapita, Kindi anakunja mkeka, akaja Swala na kikapu cha korosho zilizokaangwa na chumvi. Alitaka barua moja, fupi. Kindi akaangalia kikapu. Akaangalia huku na huku. Akaukunjua mkeka kidogo kidogo.

Kiboko akatoka mtoni akaukalia. Mkeka wote ukapotea.

Kindi akambembeleza. Akasema ni barua moja tu, na isitoshe sheria ile aliitaka yeye mwenyewe, iliwekwa kwa ajili ya wengine, si kwa ajili yake.

"Bi Kindi," Kiboko akasema, "mimi nilikaa saa nane nzima juani kuipata sheria hii. Siivunji kwa korosho."

Kindi akaokota wino na kalamu yake. Akaenda zake nyumbani, na korosho zikarudi na Swala mpaka kesho yake saa moja.

Basi mimi nimefika mwisho, na mlichopata ni hiki: saa ulizojipangia, mtu wa kwanza wa kuzilinda dhidi yake ni wewe mwenyewe.