Macho ya Manjano ya Gari la Papa Gustave

Mbacha ni mkeka uliochakaa, ule ambao ukili wake umeanza kuachana na mgeni akija unausukuma chini ya kitanda. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, na huyo anayepita nao njiani hajakupa, anapita tu. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, walimwonya mtu asikibwage kitu chake kikuukuu alichokizoea kwa kuwa ameona kipya kinachovutia, naye bado hajui kitamfaa kwa lipi. Huku Kivu misala si mingi, lakini mikeka mikuukuu tunayo, na wahenga hao hawakuwahi kuona balbu za LED. Gustave wa Mushaki aliziona, akazishika, akazitia kwenye gari lake, na yaliyompata ndiyo haya.

Gustave alikuwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo akiwa kijana, akakaa Mushaki kando ya barabara ya Sake na Masisi. Mkewe Verdiane aliuza chumvi, sabuni na mafuta dukani. Yeye alibeba mizigo kwa Pijo 404 yenye turubai nyuma, gari lililozaliwa kabla ya ndoa yao. Alilipenda kuliko alivyokiri, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona kitu bila kutaka kujua ndani yake mna nini. Aliwahi kufungua redio ya jirani ili aone mtangazaji amekaa wapi, na Verdiane aliificha saa ya ukutani kila mumewe alipokosa safari.

Taa za mbele za gari hilo zilikuwa na balbu za kioo cha manjano, kama magari mengi ya Wafaransa wa zamani. Hazikuwa kali. Ukiziona zinapanda kilima katika ukungu ungedhani mtu amebeba mayai mawili yanayowaka. Lakini miaka ile ya vita, watu wa milimani walijifunza kuyasoma magari kwa taa zake. Gari likitokea ng'ambo ya bonde jioni, kila mtu aliacha jembe akaangalia: taa hizi za nani? Zikiwa za mtu anayejulikana, watu walibaki. Zikiwa za mgeni, kijiji kizima kiliingia migombani bila kungoja kuona ni nani atakayeshuka.

Kule Burungu, kijiji cha wakulima na wafugaji karibu na Kitchanga, Gustave aliongeza hata alama. Akifika kwenye kona kabla ya kijiji alizima taa kubwa, akaiacha taa ndogo ya kuashiria kushoto ipepese polepole kama mtu anayesinzia, kisha akawasha tena yale macho ya manjano. Hapo akina mama wa kabichi na jibini walitoka na vikapu vyao. Burungu ndiko alikoolewa binti yake Aimée, kwa kijana mkulima aitwaye Omer.

Tatizo lilikuwa dinamo. Ilikuwa imezeeka, na gari lilipopanda mlima polepole taa zilififia mpaka abiria wakamcheka kwamba anatembea na mishumaa. Maneno hayo yalimchoma. Basi Albert, muuza vipuri aliyepita na sanduku lake kutoka Goma, alipofungua mfuko wa balbu ndogo zenye vidoa vya manjano vilivyopangwa kama punje za mahindi, Gustave alisahau hata kumkaribisha chai.

"Papa Gustave, hizi njo ampule za sasa," Albert alisema. "Zinakula umeme kidogo tu, na mwangaza iko mweupe kama muchana."

"Ndani yake kunawaka nini? Sioni waya."

"Hakuna waya. Iko vile."

Jibu la "iko vile" halikuwahi kumridhisha Gustave. Alinunua za gari zima, mbele na nyuma, na kesho yake akajifungia uani na bisibisi yake. Ilikuwa siku yake tamu kuliko sikukuu. Balbu ya kwanza ilikataa kuwaka. Akaitoa, akaigeuza, ikawaka. "Ya zamani haichagui upande," akajisemea, "hii inachagua." Akatia nyeupe nyuma ya kioo chekundu cha breki, mwanga ukatoka umechujuka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, akatia nyekundu, kioo kikajaa rangi. Akapiga makofi peke yake. Mwisho akawasha taa ya kushoto ya kupepesa. Ikawaka, ikatulia, haikupepesa.

Mtu mwingine angekasirika. Gustave alichuchumaa chini ya usukani, akakigusa kile kikopo kidogo kinachozipepesa taa, kisha akacheka.

"Verdiane, njoo usikie. Haka kakopo kanataka kupashwa moto na umeme njo kapepese. Hizi ampule hazinywe umeme mingi, basi kenyewe kanabaki baridi."

"Sasa itapepesa namna gani?"

"Haitapepesa. Lakini huku nani anaangalia kupepesa? Polisi gani?"

Alisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu, na furaha hiyo ikamziba masikio yeye mwenyewe. Ile alama ya Burungu haikumjia akilini. Verdiane naye hakuikumbuka. Alikuwa akitazama balbu za zamani zilizolala juu ya matofali.

"Na hizi unapeleka wapi?"

"Watoto wachezee."

"Hapana, lete. Kitu yenye ilikutumikia miaka yote, hatutupe vile."

Akazichukua, akazifukia ndani ya kopo la maharage, kama wanawake wa huko wanavyosafirisha mayai yasivunjike barabarani. Kopo hilo alikuwa ameliandaa kwa ajili ya Aimée, aliyekuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Mimba ya kwanza ya Aimée ilikuwa imempotea, mtoto amefia tumboni, kwa sababu siku ile ya uchungu barabara ilifungwa na mapigano na hakuna gari lililofika. Gustave alimwahidi binti yake kwamba safari hii litafika.

Siku chache baadaye muuza mkaa alileta habari: Aimée ameshikwa na uchungu, materinite ya karibu, zahanati ya kujifungulia, imefungwa kwa kuwa wauguzi wamekimbia, inabidi apelekwe Sake. Simu hazikupatikana upande ule tangu mnara uzimwe. Gustave na Verdiane waliondoka alasiri hiyo hiyo, lile kopo la maharage likiwa kitini, wakateremka Sake, wakapanda njia ya Kitchanga.

Jua lilipozama ukungu ulishuka. Gustave akawasha taa zake mpya, na mwanga ukamrudia usoni kama ukuta uliopakwa chokaa. Akapunguza mwendo, akishangaa. Kwa nini taa iliyo kali zaidi inaonyesha kidogo zaidi? Kitu kingine pia kilimshangaza. Pale ambapo kila safari akina mama humsimamisha, leo hapakuwa na hata mmoja.

"Leo watu waliingia nyumbani mapema," alisema. Verdiane alikaza kitenge mabegani na kuchungulia nje.

Kwenye kona ya kijiji, macho yakiwa kwenye ukungu, Gustave alipita bila kutoa alama yake. Burungu ilikuwa tupu. Gustave alisimamisha gari mbele ya nyumba ya Mama Augustine, mama yake Omer, akashuka bila kuzima taa. Mlango ulikuwa wazi. Jikoni viazi vilikuwa vinachemka, mwiko uko juu ya kifuniko, na kando yake beseni la maji ya moto na vitenge safi vilivyokunjwa. Kondoo alikuwa bado amefungwa kambani. Ndara moja ya mwanamke ilikuwa imelala kizingitini.

"Aimée," aliita. "Aimée, ni Papa."

Hapakuwa na jibu ila mlio wa sufuria. Akaita tena, akapiga honi, akamwita Omer, akamwita Mama Augustine. Kadiri alivyoita ndivyo giza lilivyozidi kunyamaza. Aliwaza yale ambayo kila mzazi wa Masisi aliyawaza miaka ile akikuta nyumba wazi na chakula motoni, akaketi juu ya kinu na kujishika kichwa.

Verdiane alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alimfuata mumewe ili amtie moyo, lakini sasa alikuwa anatazama nje, kule walikotoka, na hasogei.

"Gustave, inuka. Kuja hapa."

"Niache, mama."

"Kuja usimame hapa nilipo. Angalia gari yako."

Akainuka. Akasimama pale ambapo mwenye nyumba husimama, akaangalia barabarani. Katika ukungu palikuwa na macho mawili meupe, makali, yamekodoa, na nyuma yake hapakuonekana kitu. Kwa muda mfupi Gustave mwenyewe alitaka kukimbia. Hakulijua gari hilo. Alikuwa hajawahi kusimama mbele yake na kuliona kama walivyoliona wengine.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Wako hapa. Wanatukimbia sisi."

Alikimbilia gari akazima taa zote. Verdiane alilipindua kopo juu ya kiti, maharage yakatawanyika sakafuni, akawa anampa balbu moja moja gizani huku Gustave akifungua pete za taa kwa bisibisi. Vile vidole vilivyofurahia kufungua kila kitu sasa vilikuwa vinatafuta skrubu kwa kupapasa. Akatia za manjano mbele. Akatia zile za zamani za kupepesa upande wa kushoto, mbele na nyuma. Kisha akakaa kwenye usukani na kuiwasha taa ya kushoto ya kupepesa.

Tik. Tak. Polepole, kama mtu anayesinzia. Halafu akawasha macho ya manjano.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha migomba iliyokuwa karibu kabisa na jiko ikatikisika, akatoka Omer, nyuma yake Mama Augustine, na baina yao walikuwa wamembeba Aimée katika kitenge, kitambaa kimekazwa kati ya meno yake. Alikuwa amelala pale pale, karibu kiasi cha kusikia viazi vikichemka, akiuma kitambaa ili uchungu wake usitoe sauti. Wanakijiji wengine wakaanza kujitokeza huku na huku, mmoja baada ya mwingine.

Gustave alimwinamia binti yake, naye akakitoa kitambaa mdomoni.

"Papa, sauti nilisikia, nikajua njo yako," alisema. "Lakini macho ilikuwa ya bengine. Nikasema wamekukamata, wanakuitisha jina yangu kwa nguvu."

Gustave aliushika mkono wa binti yake. Machozi yalimtoka mbele ya wakwe zake, na hakuyafuta.

Waliteremka Sake kwa mwendo wa kinyonga, maana mwanga ulikuwa mdogo. Lakini ukungu uliupokea ule umanjano na kuupisha, na ukingo wa barabara ulionekana. Kila walikopita watu walisimama milangoni, wakatambua, wakabaki. Wengine waliondoa magogo njiani kabla hawajaombwa. Aimée alijifungua mara tu walipofika materinite ya Sake, kwa shida lakini salama, mtoto wa kike aliyelia kwa sauti kubwa. Mkunga alisema kama wangechelewa kidogo zaidi wasingekisikia kilio hicho. Mama Augustine alicheka na kulia kwa pamoja, na Verdiane akaomba sufuria ili apike maharage aliyoyaokota sakafuni mwa gari.

Gustave hakuzitupa zile balbu mpya. Aliziacha nyekundu nyuma, ambako zilimfaa kweli na kuipumzisha dinamo. Akinunua kikopo kingine kisichohitaji moto, nani ajuaye, huenda siku moja hata za kupepesa zitapepesa. Bado anataka kujua. Lakini zile nyeupe za mbele zimelala ndani ya kopo la maharage, na abiria wakimcheka kwamba anatembea na mishumaa, yeye huwaonyesha mjukuu wake aliyeketi katikati ya kiti, akichezea bisibisi. Wanaouliza zaidi huwajibu kwa maneno ambayo sasa anayajua kwa gharama yake mwenyewe: usiache mbachao kwa msala upitao.