Vibandiko vya Bi Mkejina

Chungu hakionjwi kwa mfuniko. Methali hiyo mmeisikia leo kwa fundi simu, mkacheka, mkadhani ni maneno ya wapishi. Haikutoka jikoni hata kidogo, wajukuu zangu. Ilitoka kwenye kompyuta, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mama mmoja pale Ngamiani, Tanga, akiitwa Bi Mkejina, mwenye studio ya video za harusi. Mama yule alikuwa na shaka mpaka basi. Samaki alimnusa mara mbili kabla ya kununua, na muuzaji akiapa kwamba ni wa leo, alimnusa mara ya tatu. Sasa kompyuta zake zilikuwa zimechoka. Video moja ilichukua siku nzima kukamilika, na maharusi walikuja kununa mlangoni. Ikabidi anunue mpya.

Madukani zilikuwapo za namna mbili, zilizotofautiana kwa prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta. Falka ilikuwa na jina kubwa. Kila ofisi iliyojiona ilikuwa nayo, na kibandiko chake cha dhahabu kiling'aa pale mbele. Dorani ilikuwa ngeni, na kwa bei ya Falka mbili ungepata Dorani tatu. Fundi wake Hoza, kijana aliyemfanyia kazi miaka sita, alimshauri achukue Dorani.

"Nimezipima, Mama. Kazi ni ileile, au zaidi."

Hapo shaka ikamvaa Bi Mkejina. Rahisi ghali, aliwaza. Tena juma lilelile alikuwa amemwona Hoza akinywa kahawa na muuzaji wa Dorani, wananong'ona kama wezi. Basi kijana kapewa chochote! Ilimuuma sana, kwa kuwa Hoza ndiye mtu pekee aliyekuwa amemwamini bila kumnusa. Akaapa moyoni kwamba akithibitisha tu, kijana hamalizi siku.

Akaazima mashine moja kwa kila muuzaji, zilizofanana umbo kama mapacha. Asubuhi, kabla hajafika mtu, akavibandua vibandiko kwa ukucha na kuvibadilisha: cha Falka akakibandika kwenye Dorani, cha Dorani kwenye Falka. Kisha akamwita Bwana Nassoro, wakala wa Falka, aje ashuhudie. Hoza akaambiwa awashe tu, asichokonoe kitu. Mashine zote mbili zikapewa video ileile ya harusi.

Yenye kibandiko cha dhahabu ilimaliza kwa dakika kumi na tisa. Ile nyingine ilikuwa bado inasuasua.

"Mnaona!" Bwana Nassoro alipiga makofi. "Falka hiyo! Jina haliji bure. Hata mlio wake, sikilizeni, umetulia kiutu uzima."

Macho ya Bi Mkejina yalikuwa kwa Hoza. Kama amekula rushwa, aliwaza, sasa atatetea kibandiko cha aliyemlisha.

"Na wewe unasemaje?"

Hoza alikuna kichwa. "Mama, nilikushauri vibaya. Nilipopima mimi, Dorani ilitangulia. Leo imeachwa, na sijui kwa nini. Lakini kazi nimeiona kwa macho yangu. Nunua iliyomaliza mwanzo, hata kama ni ghali."

Bi Mkejina alihisi uso unamwaka. Akawaeleza alichofanya.

"Aa, basi!" Bwana Nassoro alidakia. "Hii yangu itakuwa imetikiswa njiani. Unajua tena barabara zetu..."

Kwenye kioo, video ilikuwa imefika kwa wapishi wa harusi wakifunua masufuria ya pilau. Bi Mkejina akawaonyesha kwa kidole.

"Bwana Nassoro, chungu hakionjwi kwa mfuniko. Beba mashine yako."

Bwana Nassoro akaondoka akinung'unika. Bi Mkejina alicheka peke yake, kwani Hoza hakucheka.

"Mama, ungetaka kupima mashine, kuvifunika vibandiko kungetosha. Umevibadilisha ili unipime mimi."

"Nilikuona na mtu wa Dorani."

"Yule ni mjomba wa Mwanakheri, msichana ninayetaka kumwoa. Nilikuwa naulizia posa. Sikukwambia kwa sababu hawajanijibu." Akaizima mashine iliyobaki. "Miaka sita, Mama. Na mimi umenionja kwa mfuniko?"

Bi Mkejina aliona haya, haya ya mtu mzima asiyejua aiweke wapi mikono yake. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Hoza alimsamehe, na hakusema uongo. Lakini mwezi ulipokwisha aliaga kwa heshima, akaenda kufungua karakana yake barabara ya pili. Dorani tatu zilinunuliwa, na zilikwenda vizuri mno. Fundi wa kuaminika kama yule Bi Mkejina hakumpata tena.

Watu walipomwendea Hoza kuuliza wanunue kompyuta gani, aliwajibu kwa maneno aliyoyasikia studioni, nao wakayabeba mpaka kwenye posa, kwenye ajira na kwenye ugomvi wa majirani. Kwa hiyo msicheke tena. Bi Mkejina aliyasema kumsuta muuzaji, kumbe alikuwa akijisuta mwenyewe: chungu hakionjwi kwa mfuniko.