Bwana Aliyeipiga Kichwa Nguzo ya Goli

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja, fundi cherehani, mtu na heshima zake, ila kwenye mpira alikuwa bado hajakubali kwamba umri umekwenda. Kijijini kwao kila Jumatatu ya Pasaka kuna mechi ya waliooa na wasiooa. Ikapigwa kona. Bwana akaruka, kifua mbele, macho kayafumba, akapiga kichwa cha nguvu. Kumbe si mpira, ni nguzo ya goli!

Akalala pale chali. Wakammwagia maji, akazinduka, akauliza, "Limeingia?"

Wakamwambia halijaingia.

"Basi tuendelee, mimi mzima."

Mkewe akamsihi, "Baba Neema, twende zahanati." Akamjibu, "Mbele ya vijana hawa? Usinitie aibu."

Mnacheka. Haya, subirini.

Siku chache baadaye tumbo likagoma. Akila ugali, unakaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Asubuhi kichefuchefu, jioni kutapika, na habari za choo ndiyo usiulize. Sasa bwana huyu akalaumu nini? Nguzo? Thubutu! Akalaumu mlenda wa mkewe.

"Huyu mwanamke kaniwekea kitu," akasema.

Neno hilo si la mchezo. Mwanamke akishaambiwa hivyo, kisimani wanajua kabla jua halijazama, na hakuna jirani atakayekula tena kwake.

Bwana akawaita wasimamizi wao wa ndoa, mzee mmoja wa kitambi na mkewe, waje waamue. Ushahidi ukatengwa mezani: ugali, mlenda, dagaa. Mzee akaonja tonge moja ili atende haki. Akaonja la pili, asije akamwonea mtu. Akaomba na pilipili. Kesi ilipofika katikati, ushahidi ulikuwa umekwisha.

"Mimi sijaona kosa," akasema, anaramba kidole. "Labda tuongezewe kidogo, tuchunguze vizuri."

Bwana akawaka. "Mnakula chakula changu na bado mnamtetea!"

Mama Neema akainuka. Alikuwa analia. Akafunga khanga zake, akaenda kwa mama yake.

Bwana akabaki anajipikia uji kwa mkono wake mwenyewe. Akautapika na huo uji. Jamani, na huo uji kauroga nani?

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, akaenda hospitali. Daktari akamuuliza, "Umeumia kichwa karibuni?"

"Daktari, mimi naumwa tumbo! Kichwa unakitakia nini?"

"Nijibu kwanza."

Bwana akajikuna shingo. "Kuna nguzo moja nilikutana nayo."

Daktari akashusha pumzi. Akamweleza kwamba ubongo na tumbo vinapelekeana habari mchana na usiku. Ubongo ukitikiswa, tumbo nalo linaweza kuvurugika, chakula kikazubaa njiani. Na mtu aliyegongwa kichwa akianza kutapika, haitishiwi kikao, anakimbizwa hospitali.

"Hapakuwa na mtu wa kukwambia uje mapema?"

Alikuwapo mmoja tu, naye yuko kwa mama yake, jina limeshachafuka.

Akatibiwa, akapumzika, tumbo likatulia. Akavaa koti lake zuri, akaenda kusimama mlangoni kwa mama mkwe, akaomba msamaha. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Tumbo lako limepata dawa, mume wangu. Jina langu utalitibia hospitali gani?"

Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnacheka vizuri tu!

Sasa tuje kwetu sisi. Baba analewa, watoto wanafeli, tunakwenda kumfokea mwalimu. Na humu ndani je? Sisi, mimi mchungaji wenu na wazee wa kanisa, hatusalimiani tangu tulipogombana kwenye ule mkutano wa mavuno, mnaujua. Tumepigana vichwa wenyewe. Waumini wakaanza kupungua, tukasema tatizo ni kwaya, tukamwondoa mama aliyekuwa mwalimu wa kwaya, tena kwa maneno mabaya. Yule mama alikosa nini? Nani kati yetu alikwenda hata kumjulia hali?

Anakaa kule nyuma ya soko. Leo sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nikishatoa baraka naenda kwake kwa miguu, na wazee wa kanisa nawaomba tuongozane, tukisalimiana njiani.